Namna ya kuimba "Unchained Melody" maharusi wanapofungua muziki

Msimu wa harusi ukikaribia, vijana waimbaji hunijia nyumbani Tabata, na karibu wote huja na rekodi ileile kwenye simu: Bobby Hatfield wa The Righteous Brothers, wale waimbaji wawili wa Marekani, mwaka 1965.

"Shikamoo mama. Naomba unifundishe pale anapopanda."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza."

Pale wanapopasema ni ubeti wa mwisho, ambapo Hatfield anaacha tuni ya kawaida na sauti yake inaruka juu kabisa. Naelewa kwa nini wanapataka. Lakini nimeimba harusini Dar es Salaam miaka ishirini na mitatu, na kabla ya hapo nilikuwa sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa kule Tanga, na huu ni wimbo nilioupenda kuliko zote nilizowahi kupewa na bendi. Sitaki mtu auanzie kileleni. Fuata njia ninayowapitisha wao.

Anza kwa kuusikiliza nje ya Hatfield. Wengi hudhani wimbo ni wake, na hapo ndipo wanapofungwa mikono, kwa sababu mtu akidhani kitu ni cha mwenyewe hawezi kukigusa. Wimbo huu ulitungwa kwa ajili ya filamu iliyoitwa "Unchained", ya mwaka 1955. Muziki ni wa Alex North, maneno ni ya Hy Zaret. Filamu inahusu gereza la Chino huko California, na mfungwa anayepambana na nafsi yake: atoroke arudi kwa mkewe, au amalize kifungo chake. Jina la wimbo limetoka kwenye jina la filamu, ndiyo maana ukiyapitia maneno yote hutakuta popote neno lenyewe la kufunguliwa minyororo. Zaret aliandika tu habari za mtu aliyekaa mbali na mpenzi wake muda mrefu.

Aliyeuimba ndani ya filamu ni Todd Duncan, akiwa katika nafasi ya mfungwa. Huyu alikuwa mwimbaji wa opera, Mmarekani mweusi, ndiye aliyekuwa Porgy wa kwanza katika opera ya "Porgy and Bess" ilipofika jukwaani New York mwaka 1935. Mtafute, msikilize. Anauimba kwa sauti nzito iliyotulia, bila kupanda popote, kama mtu anayejua kwamba kupiga kelele hakutamfungulia mlango. Filamu yenyewe watu wachache sana wanaikumbuka leo.

Kilichouinua wimbo ni kopi. Mwaka huohuo wa 1955 Les Baxter aliurekodi na okestra yake na waimbaji wa kuitikia, ukafika namba moja Marekani. Al Hibbler, mwimbaji kipofu aliyewahi kuimba na Duke Ellington, akautoa wake. Roy Hamilton akautoa wake pia, na wote wawili wakafika namba moja kwenye chati ya muziki wa watu weusi. Uingereza, Jimmy Young akafika namba moja. Wimbo mmoja, mwaka mmoja, mikono mingi, na kila mmoja akaushika alivyoweza.

Kazi yako ya wiki ya kwanza ni hii: msikilize Duncan, kisha Hibbler, kisha Hamilton, ndipo Hatfield. Kwa kila mmoja, chukua karatasi uandike mahali sauti yake inapokuwa kubwa kuliko pengine pote. Usiandike kitu kingine. Utaona kwamba hawakubaliani. Hibbler anayavuta maneno na kuyakunja kwa namna yake. Hamilton, ambaye sauti yake ina kanisa ndani yake, anaujaza wimbo kifua kizima. Hatfield anasubiri. Anasubiri mpaka unadhani hatafanya lolote, kisha ubeti wa mwisho anapanda mahali ambapo waliomtangulia walipita chini.

Nilipofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza, na karatasi yangu ikiwa ya daftari la mwanangu la shule, ndipo nilipoelewa ninachotaka kukuambia kwenye mwongozo huu wote: kilichowapa watu hawa wimbo ni uamuzi wa mahali pa kupanda. Ukichukua uamuzi wa Hatfield mzimamzima, umechukua kitu kilichopimwa kwa koo la Hatfield. Lazima upate mahali pako.

Sasa maneno. Yasome bila kuimba, kwa Kiswahili chako mwenyewe, hata kama siku ya harusi utaimba kwa Kiingereza. Kuna mtu yuko mbali. Muda unakwenda polepole. Katikati ya ubeti wa kwanza anauliza swali: wewe bado ni wangu? Swali hilo ndilo moyo wa wimbo, na waimbaji wengi hulipita kana kwamba ni pambo. Ni swali la kweli. Mfungwa wa Chino hajui jibu.

Mimi nililielewa kwa njia yangu. Marehemu mume wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Kuna safari moja alikaa miezi kumi na minne, na siku hizo hapakuwa na simu za mkononi. Barua ilifika ikiwa imepita bandari tatu. Ukiandika "hujambo?" unajua kwamba akikujibu, jibu litakuwa la mtu wa miezi miwili iliyopita. Tangu hapo kila nikifika kwenye lile swali nashusha sauti. Siongezi. Mtu anayeogopa jibu haulizi kwa kelele. Wewe tafuta wako wa mbali: mama aliyeko Muscat kwa kazi, kaka aliyeko Minneapolis, yeyote. Muulize yeye.

Kisha kuna kipande cha kati, cha mito inayotiririka kuelekea baharini. Hapo mwimbaji anaacha kuuliza, anaota. Sauti inaweza kufunguka kidogo, ila usitumie nguvu zako zote. Bado una safari.

Ufunguo sasa, yaani noti ambayo ndiyo nyumbani kwa wimbo, na hapa ndipo nilipoumia.

Rekodi ya Hatfield iko kwenye ufunguo wa C. Hatfield alikuwa mwanamume mwenye sauti nyembamba ya juu. Mwenzake Bill Medley ndiye aliyekuwa na sauti nzito. Mwaka wangu wa kwanza harusini bendi ilikuwa imezoea C, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia mpiga kinanda ashushe. Nilianza vizuri. Ubeti wa kwanza ulikuwa chini, ukanidanganya. Tulipofika kwenye kupanda, sauti ikakatika mbele ya watu mia tatu, bibi harusi akageuka kunitazama akiwa kifuani kwa mumewe. Sikulala usiku ule. Wala si kwamba sikuwa na sauti. Nilikuwa nimepima wimbo kwa mwanzo wake badala ya mwisho wake.

Kwa hiyo pima kuanzia mwisho. Simama kwenye kinanda, au tumia programu ya kinanda kwenye simu. Imba mstari ule wa kilele peke yake, mara tano mfululizo, kwa sauti ya jukwaani. Mara ya tano ikiwa safi kama ya kwanza, ufunguo huo ni wako. Ikianza kukwaruza mara ya tatu, shuka nusu hatua, rudia. Endelea kushuka mpaka mara ya tano iwe safi. Baada ya hapo ndipo uimbe ubeti wa kwanza kuona kama chini kabisa bado unasikika. Kama chini kumekuwa hewa tupu, panda nusu hatua ukae hapo, na punguza urefu wa kilele. Kilele kifupi kilicho safi kinashinda kirefu kinachochanika.

Mimi nimeishia G. Wasichana wengi wa sauti ya kwanza niliowafundisha wametua kati ya F na A. Wanaume wa sauti ya tatu wengine wanaiweza C kweli. Wa sauti ya nne nawaambia wamfuate Duncan, wasimfuate Hatfield kabisa.

Ukishajua ufunguo, andika kodi, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja (chords), kwenye karatasi umpe mpiga kinanda mapema, siyo ukumbini. Kwenye C, mwendo wa beti ni C, Am, F, G, unaozunguka, ule mwendo wa nyimbo nyingi za zamani za mapenzi ambao bendi yoyote inaupiga ikiwa imefumba macho. Mstari wa mwisho wa ubeti, ule wa kuomba penzi, unabadilika: C, G, Am, Em, F, G, kisha nyumbani C. Kipande cha mito ni F, G, F, kisha Eb, halafu F, G, C. Kwenye G yangu inakuwa G, Em, C, D. Mstari wa kuomba ni G, D, Em, Bm, C, D, G. Na mito ni C, D, C, Bb, C, D, G.

Angalia ile Eb. Si ya nyumbani pale. Imejengwa juu ya mi iliyoshushwa, ile ambayo wanakwaya tunaiandika "ma", na ndiyo inayofanya mito iwe na giza kidogo kabla ya kufika baharini. Wapiga besi wenye haraka huiruka na kubaki kwenye F. Usikubali. Simamisha mazoezi, mwombe kwa upole airudie mpaka aisikie. Nimeona mpiga besi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akaipiga mara ya kwanza sawasawa akatabasamu kama mtoto aliyepewa andazi.

Mapigo ni ya polepole, na kila pigo moja limegawanyika mara tatu: moja-na-na, mbili-na-na, tatu-na-na, nne-na-na. Mpiga kinanda azivunjevunje kodi, anyanyue noti mojamoja kwa hesabu hiyo. Kwenye rekodi ya 1965 Medley mwenyewe, ambaye hakuimba, ndiye aliyekaa kwenye kinanda cha umeme. Mpiga ngoma akianza kukupa mapigo mawili mawili, wimbo wote unakuwa rumba. Rumba naipenda, ila hapa inawachanganya maharusi miguu.

Kuhusu mwendo: vijana huuharakisha kwa sababu wanaogopa ukimya. Acha ukimya. Maharusi wengi hawajui kucheza, wanayumba tu wakiwa wameshikana. Mwendo wa polepole unawastiri.

Sasa turudi kwenye kupanda, maana najua ndiko unakongoja.

Chukua karatasi yako ya wiki ya kwanza. Imba wimbo mzima mara tatu bila kupanda popote, tuni ileile kwa kila ubeti, kama Duncan. Jirekodi. Sikiliza kesho yake asubuhi, siyo palepale, na utasikia kuna neno moja ambalo sauti yako inataka kutoka. Kwangu ni lile swali, mara linaporudi. Kwa binti mmoja niliyemfundisha, aliyekuwa anahudumia dukani Kariakoo na kuja mazoezini saa moja usiku akiwa amechoka, ilikuwa kwenye mito. Alikuja akitaka cha Hatfield kama wenzake. Tulijaribu, akaweza hata, sauti alikuwa nayo. Lakini nilipomwomba aimbe mito, kitu kilifunguka kifuani kwake mpaka mimi mwenyewe nikaweka kikombe cha chai chini. Tukaamua: kilele chake ni pale, na ubeti wa mwisho atashuka, ataumaliza kama anayenong'ona. Harusi ya kwanza aliyouimba hivyo, ukumbi ulinyamaza mpaka tukasikia feni.

Ukishapapata pako, pajengee njia. Mistari miwili kabla ya kilele, punguza. Usivute hewa nyingi mara moja hadi mabega yakapanda. Vuta chini, tumboni, wakati mpiga kinanda anapita kwenye kodi ya mwisho. Fungua mdomo kwa wima. Na ukifika juu, usikae ukisikiliza makofi. Shuka na neno linalofuata likiwa na maana yake.

Wakati mwingine namwonyesha mwanafunzi picha za Elvis Presley akiuimba Rapid City, South Dakota, Juni 1977, wiki nane kabla hajafariki. Amekaa kwenye piano anapiga mwenyewe, mwenzake amemshikia maiki mdomoni. Mwili umechoka, unaona jasho. Lakini anaimba kila neno kama analitoa mfukoni mwake. Sina la kuongeza kwa mwanafunzi baada ya hapo. Huwa tunakaa kimya kidogo kisha tunaendelea.

Mambo ya ukumbini ni mafupi. Mwambie fundi mitambo mapema aongeze eko kidogo tu. Ikizidi, maneno yanaogelea na lile swali halisikiki. Jaribu maiki kwa mstari wa kilele, siyo kwa "haloo haloo", ili ajue sauti yako inafika wapi asije akaikata. Kileleni sogeza maiki mbali na mdomo upana wa kiganja. Kwenye mstari wa kunong'ona irudishe karibu. Ongea na emsii uso kwa uso: asizungumze juu ya wimbo, na matangazo ya chakula yangoje. Kamati ikikupa dakika mbili, omba nne. Rekodi yenyewe ni dakika tatu na nusu hivi, na maharusi watachukua muda kufika katikati ya ukumbi na gauni lile.

Waulize maharusi kama wameona filamu ya "Ghost" ya mwaka 1990, ile ya Demi Moore na Patrick Swayze na udongo wa mfinyanzi. Wakisema ndiyo, basi ule ndio wimbo walio nao kichwani, na watausubiri upande. Filamu hiyo ndiyo iliyoirudisha sauti ya Hatfield redioni miaka ishirini na mitano baada ya kurekodiwa, ukafika namba moja Uingereza. Wimbo ulioanzia kwenye filamu ukaokolewa na kopi, na kopi ikapewa uhai wa pili na filamu nyingine. Hata mwanzoni mwake ile ya 1965 ilikuwa imewekwa upande wa pili wa sahani, nyuma ya "Hung on You". Watangazaji wa redio ndio walioigeuza, ikapanda mpaka namba nne Marekani. Maharusi wenye "Ghost" kichwani waeleze kwamba wewe utaupanda mahali pengine. Wengi hufurahi. Mmoja katika wengi atasisitiza kiwe kilekile cha filamu. Huyo mpe, kama koo lako linakuruhusu kwenye ufunguo wako, maana siku ni yake.

Wakitaka uwaimbie kwa Kiswahili, au uurekodi na kuutoa, hilo ni jambo jingine. Wimbo una wenyewe kisheria, na tafsiri nayo inahitaji ruhusa yao. Anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uulize utaratibu kabla hujalipa studio.

Siku yenyewe, kunywa maji ya uvuguvugu, usinywe soda ya baridi wanayokuletea mezani. Simama mahali unapowaona maharusi, wala usiwatazame machoni. Tazama mikono yao. Mwambie mpiga kinanda naye awatazame. Ukifika kwenye neno la mwisho, lishike kwa sauti ndogo, naye aendelee kuzivunja zile kodi nne, G, Em, C, D, taratibu, arudie hata mara sita ikibidi, mpaka mikono ile iachiane yenyewe. Hapo ndipo apige G ya mwisho, nawe ushushe maiki.